Ajali ya Mkarafuuni Huanza Chini

Kila mwaka mikarafuu inapoanza kuonyesha vishada, ofisi yetu hupokea maswali yale yale: bei itakuwa kiasi gani, magunia yatapatikana lini, na wachumaji watatoka wapi. Ni maswali ya haki, nasi tutayajibu mahali pake. Lakini liko swali moja ambalo kwa nadra huulizwa kabla ya msimu, ila huulizwa kila mara baada yake, matangani au kando ya kitanda cha hospitali. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini fulani alianguka?

Majawabu tunayoyasikia ni matatu. La kwanza, "Tawi lilivunjika." La pili, "Aliteleza." La tatu, "Ndiyo siku yake ilivyoandikwa." Hatukusudii kumbishia mtu aliyefikwa na msiba. Lakini majawabu mawili ya kwanza yaeleza jambo la mwisho lililotokea, wala hayaelezi la mwanzo. Tawi lilivunjika kwa kuwa lilikuwa limekufa tangu mwaka uliopita na hapana aliyelitazama. Mtu aliteleza kwa kuwa alipanda alfajiri umande haujakauka, baada ya kukesha akichambua karafuu. Kwa hivyo ajali ilianza chini, siku nyingi au saa nyingi kabla ya mtu kupanda, katika mambo yaliyokuwa mikononi mwetu.

Ama jawabu la tatu, sote twaamini kadari. Lakini hatujamwona mwanachama aliyeacha karafuu zake juu ya jamvi mvua ikinyesha, kisha akasema kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Wingu likitanda tu, nyumba nzima hutoka mbio kuanua. Na wengi wetu twaijua tangu chuoni khabari ya yule bedui aliyefundishwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Ikiwa karafuu zastahiki kukimbiliwa, basi mwenye kuzichuma astahiki zaidi. Wahenga walisema, "Tahadhari kabla ya athari," na makala haya ni ya tahadhari.

KIMO NA WAKATI

Yafaa kwanza tujue tunashindana na kitu gani. Mkarafuu mkubwa hufika futi 25 hadi 40, na iliyopandwa na wazee wetu, mingine yapita hapo. Mtu akianguka kutoka futi 16 hufika chini kwa sekunde moja tu, na hugonga ardhi kwa mwendo wa kilometa 35 kwa saa. Akianguka kutoka futi 36 hufika kwa sekunde moja na nusu, na mwendo wake wazidi kilometa 50 kwa saa, sawasawa na gari iendayo barabarani.

Twayataja haya kwa sababu wako vijana hodari wasemao, "Mimi hata tawi likivunjika nitadaka jingine." Sekunde moja ni muda wa kutamka "Bismillahi" wala usimalize. Hodari na mgoja wote huanguka kwa mwendo mmoja. Hodari wa kweli ni yule anayeshuka jioni kwa miguu yake.

Wala tusidhani kuwa kimo kifupi hakina madhara. Kuna watu wazima, khasa akina mama, wanaochuma matawi ya chini wakiwa wamesimama juu ya pipa au juu ya panda ya kwanza. Mtu akianguka kutoka futi 10 kwa kichwa au kwa shingo, aweza kufa au kupooza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na kwamba wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Maanguko hayo ni ya kila namna, ya nyumbani na ya kazini. Lakini sisi ambao riziki yetu iko juu ya mti, khabari hiyo yatuhusu zaidi ya wengine.

MTI WENYEWE

Mkarafuu si mwembe. Mti wake ni mgumu lakini ni mkavu, hauna unyumbufu. Tawi lake halipindi likaonya, bali huvunjika ghafla. Na tabia yake ya pili ni kuwa karafuu haiko karibu na shina. Kishada hutoka nchani mwa kitawi, mahali palipo pembamba kuliko pote. Kwa hivyo kazi yenyewe yamtoa mtu penye nguvu na kumpeleka penye udhaifu. Hii ndiyo sababu aliyezoea kupanda mnazi hawezi kujihesabu kuwa amezoea mkarafuu.

Liko jambo jingine ambalo kila mwenye shamba apaswa kulijua. Katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts, waliofanya utafiti wa maradhi ya mikarafuu hapa Zanzibar, walieleza khabari ya ugonjwa wa kukauka matawi. Ugonjwa huo huletwa na kuvu anayeingia mtini kupitia majeraha, yaani pale tawi lilipovunjika au gome lilipochubuka. Sasa tulifikiri jambo hili. Mchumaji mwenye haraka huvunja tawi ili alivute karibu. Jeraha hubaki wazi na kuvu huingia. Baada ya muda tagaa lililo nyuma ya jeraha hukauka ndani, na huenda kwa nje bado lina gome zuri. Msimu ufuatao mchumaji mwingine hukanyaga pale. Basi aliyevunja tawi mwaka huu amemtegea mwenziwe mtego wa mwaka ujao, na pengine amejitegea mwenyewe. Anayelinda mti wake amlinda na mtu, ni kazi moja.

Kwa hivyo twawaomba wanachama, kabla ya msimu kuanza, kila mmoja azunguke shamba lake mti kwa mti, mchana mwangavu, akiwa na mtu wa pili. Atazame mambo haya:

Kwanza, matawi yasiyo na majani, yenye gome linalobanduka, au yenye uyoga. Hayo yakatwe kwa msumeno, si kwa kuvunjwa wala kwa kuning'inia, na mkato uwe safi. Anayekata awe amefungwa vizuri. Tawi lisiloweza kukatwa kwa sasa litiwe alama ya chokaa au kitambaa chekundu, na kila mchumaji aambiwe maana ya alama hiyo.

Pili, panda za mti. Pale matagaa mawili yanapoachana maji husimama na kuozesha. Piga kwa mgongo wa panga usikilize. Mti mzima hulia kwa sauti ngumu, na uliooza hulia kama ngoma.

Tatu, viota vya maji moto na vya nyigu. Mtu akishambuliwa na maji moto juu ya mti huachia mikono bila ya kutaka, kwa kuwa mwili hauna subira ya kufikiri. Mti wenye viota ushughulikiwe kabla, wala asipandishwe mgeni asiyejua.

Nne, ardhi iliyo chini ya mti. Twapalilia ili karafuu zinazodondoka zionekane, na ni vyema. Lakini palizi nyingine huacha visiki vilivyochongoka kama mikuki, na mawe, na vifuu vya nazi. Mtu aliyeanguka juu ya udongo laini huenda akapona, na aliyeanguka juu ya kisiki huenda asipone. Ng'oeni visiki, yaondoeni mawe.

Ama kwa miche mipya, huu ndio wakati wa kufikiri khabari ya wajukuu zetu. Mikarafuu iliyosongamana hukimbilia juu kutafuta jua, ikawa mirefu, myembamba, na karafuu zake zote ziko kileleni. Mikarafuu iliyopewa nafasi hutanua matawi ya chini. Mwenye kupanda amwite Bwana Shamba amshauri juu ya nafasi na juu ya kuipunguza miti ikiwa bado michanga. Mti mkongwe usikatwe kilele ovyo, maana mkato mkubwa ni mlango mkubwa wa ugonjwa.

KAMBA, UPEMBO NA NGAZI

Kamba ya kujifungia ina kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kumzuia mtu asifike pa kuanguka. Kazi ya pili ni kumdaka akiwa ameshaanguka. Kwa kamba ya kawaida fanyeni kazi ya kwanza tu. Kamba iwe fupi, ifungwe kwenye shina au tagaa nene lililo juu ya kifua cha mtu, na ulegevu wake usizidi urefu wa mkono. Mtu akiteleza asishuke hata futi mbili.

Ama kujifunga kiunoni kwa kamba ndefu ukitumai itakudaka, hiyo ni hatari nyingine. Kamba hiyo humkata mtu katikati kwa uzito wake wote, ikaweza kumvunja mbavu au uti wa mgongo, na akibaki ananing'inia pumzi humbana. Kazi ya kudaka yataka mkanda wa usalama unaopita mabegani na mapajani, kama wa mafundi wa umeme. Mkanda mmoja waweza kutumiwa na watu wengi kwa zamu. Wanachama wa mtaa mmoja wakichanga, si jambo la kuwashinda. Na hata mwenye mkanda akianguka akabaki ananing'inia, ashushwe upesi, maana kukaa hivyo kwa muda mrefu huzuia damu kurudi moyoni.

Kamba ya usumba huoza kwa maji, na kamba ya nailoni huharibiwa na jua hali bado yaonekana nzima. Kabla ya kupanda ipitisheni mkononi pima kwa pima. Pakiwa na nyuzi zilizokatika, au pamekakamaa, kamba hiyo ni ya kufungia mbuzi, si ya kufungia mtu. Na kwa kuwa nailoni ni nyororo, fundo lake hulegea, basi lifungwe mara mbili.

Upembo ni chombo cha wazee wetu na hakijashindwa na chombo kingine. Mwenye upembo huvuta tawi likamjia, na asiye nao hulifuata tawi. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo tofauti ya kushuka na kuanguka. Upembo uwe mwepesi, wa mti usiovunjika, na ndoana yake iwe pana isije ikachubua gome. Tawi likishavutwa lifungwe kwa kamba ndogo kwenye tagaa lenye nguvu, mikono ikabaki huru. Likimalizwa liachiliwe polepole, maana tawi linaloachiwa ghafla humpiga mtu usoni.

Ngazi yataka ardhi tambarare. Kwa kila futi 4 za urefu, miguu ya ngazi isogezwe futi 1 kutoka mahali inapoegemea. Ngazi inayofika futi 16 juu, basi miguu yake iwe futi 4 kutoka shinani. Ikisimama wima zaidi ya hapo hupinduka nyuma, na ikilala zaidi huteleza. Kichwa cha ngazi kifungwe mtini, na kipite futi 3 juu ya pale mtu anapotoka kuingia mtini, apate pa kushika. Mtu wa kwanza kupanda ashikiwe ngazi chini mpaka aifunge. Na kitovu cha mchumaji kisitoke nje ya miti miwili ya ngazi. Kikitoka, na ashuke aihamishe. Kule Indonesia, katika visiwa vya Maluku vilivyo asili ya mkarafuu, na kwengineko nchini humo, wachumaji hutumia ngazi ndefu za mianzi zinazozuiwa kwa kamba kutoka pande mbalimbali. Kamba za kuzuia ngazi si gharama kubwa, nasi twaweza kuiga.

Pakacha litundikwe kwa kulabu kwenye tawi, lisivaliwe shingoni. Likijaa literemshwe kwa kamba, lisitupwe. Na wanaookota chini wasikae chini ya mti ambao mtu yumo juu yake. Pakacha moja au tawi moja lamtosha mtoto kichwani.

MPANDAJI

Mtu ana viungo vinne vya kushikia mti, mikono miwili na miguu miwili. Anapohama kutoka tawi hadi tawi, vitatu viwe vimeshika na kimoja ndicho kiende. Akitaka kuchuma kwa mikono yote miwili, na akae pandani au awe amefungwa. Mguu ukanyage karibu na pale tawi linapotoka shinani, si katikati. Tawi lisilofikia unene wa mkono wa mtu mzima lisibebe mtu.

Kandambili zibaki chini. Kikoi kilicholegea na kanga inayoburura hunasa vitawini. Na avae suruali anayepanda, mwanamume au mwanamke, juu yake aweke stara anayoitaka ilimradi imefungwa.

Mvua ikinyesha, mti wenye ukungu na kuvumwani huteleza kama samli. Ngojeni gome likauke. Upepo ukivuma hata vilele vikayumba, shukeni. Radi ikisikika, shukeni na mtoke chini ya miti mirefu.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni usingizi. Dasturi yetu ni kuchuma mchana na kuchambua usiku. Watu hukaa na karafuu mpaka saa tano au saa sita za usiku wakitenga vikonyo, kisha alfajiri wako shambani tena. Siku ya kwanza mwili hustahamili. Siku ya kumi mtu hupanda mti macho yakiwa wazi na akili imelala. Wanachama wenye uwezo wawatenge watu wa kuchambua na watu wa kuchuma. Wasio na uwezo huo wapange kuwa aliyechambua mpaka usiku mkubwa asipande kabla ya saa tatu asubuhi. Faida ni mbili, kwa kuwa na umande nao utakuwa umekauka. Msimu ukiangukia Ramadhani, miti mirefu ichumwe mwanzo wa siku nguvu zingalipo, na alasiri ibakie kwa matawi ya chini.

Mwenye kifafa, mwenye kizunguzungu, na mwenye kisukari au shinikizo la damu lisilotulia, wasipande. Si aibu kusema. Aibu ni ya mwajiri asiyeuliza. Kazi za chini ni nyingi, kuanika, kuchambua, kupima, kulinda jamvi.

Ama watoto, twasema bila ya kuficha. Kila mmoja wetu amewahi kusikia kuwa mtoto ni mwepesi, tawi humbeba. Ndiyo, ni mwepesi, lakini hana akili ya kujua wapi pa kukomea, na mifupa yake ndiyo inayokua. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 yakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi ya hatari. Kupanda mkarafuu ni kazi ya hatari. Mtoto aokote, achambue baada ya skuli na chuo, alale mapema. Asipande.

UJIRA WA PISHI

Hapa twajua tutawaudhi baadhi ya wanachama, nasi twaomba radhi mapema. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Dasturi hii ina haki yake, kwa kuwa anayechuma zaidi apata zaidi. Lakini tuifikirie kwa macho ya aliye juu ya mti. Chini anapimiwa pishi, na kila kishada kilichobaki nchani ni pesa anayoiona. Hapana anayemwambia basi. Mwenye shamba naye akipita huinua macho na kusema, "Pale mbona pamebaki?" Neno hili dogo limepeleka watu wengi pale ambapo akili zao ziliwakataza.

Basi tupige hesabu. Kilo moja ya karafuu kavu huwa na karafuu zipatazo 10,000. Kishada cha karafuu 20, kikishakauka, ni kama gramu 2. Ili mwenye shamba apoteze kilo moja tu, hapana budi aache vishada 500. Ncha ya tawi moja la hatari yaweza kuwa na vishada kumi, navyo vikikauka ni kama gramu 20 tu. Ndizo hizo tunazompeleka mtu kuzifuata juu ya tawi lisilobeba.

Wala kilichoachwa hakipotei chote. Karafuu isiyochumwa huchanua, kisha ikawa mpeta, na mpeta ndiyo mbegu. Mwenye kutaka miche ya kujazia mapengo ya shamba lake, hizo nchani ndizo mbegu zake, zitadondoka zenyewe.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu katika mapatano yetu na wachumaji. La kwanza, mwenye shamba au msimamizi wake aseme wazi mbele ya wote: "Pasipofikika kwa upembo, paacheni." Asiposema, mchumaji atadhani ni mvivu akiacha. La pili, mti mrefu na mgumu ulipiwe zaidi kwa pishi kuliko mti mfupi, ili mtu apande kwa utulivu wala asifidie ugumu kwa haraka. La tatu, siku mvua inapozuia kupanda, wachumaji waliotoka mbali wapewe kazi ya chini yenye ujira, japo mdogo. Mtu ambaye leo hana chakula hangoji gome likauke.

Mwanachama atasema, "Haya yote ni gharama." Ni kweli, ni gharama. Lakini na ajali ni gharama, ila hulipwa na asiyekuwa nayo. Mchumaji aliyevunjika mgongo hulala miezi, pengine maisha. Mkewe huacha shughuli zake akamuuguza, watoto hukatishwa skuli, na ndugu huchangishana nauli ya kumpeleka Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam. Hapana pishi inayolipa hayo.

AKIANGUKA

Pamoja na tahadhari zote, ajali yaweza kutokea. Hapo tena, mengi yamo katika mikono ya walio chini. Watu wengi huumizwa mara mbili, mara ya kwanza na ardhi na mara ya pili na marafiki wanaomwinua kwa haraka.

Aliyeanguka asiinuliwe kwa makwapa, asikalishwe, wala asivutwe miguu. Aachwe alale kama alivyo, ila kama anaweza kudhurika hapo alipo. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake ashike kichwa kwa viganja viwili, kisitikisike. Tazameni kama anapumua. Damu ikitoka kwa wingi, bonyezeni pale pale kwa kitambaa safi bila ya kuachia. Muulizeni kama anahisi vidole vya miguu na kama aweza kuvichezesha. Asipohisi, fanyeni kama uti wake wa mgongo umevunjika. Na hata akihisi, ikiwa shingo au mgongo wauma, fanyeni vivyo hivyo.

Kumhamisha kwataka ubao mpana au mlango uliong'olewa bawabani. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, yaani kichwa, mabega, nyonga na miguu vigeuke kwa wakati mmoja, aliyeshika kichwa ndiye atoe amri. Ubao uingizwe chini yake, arudishwe juu yake, afungwe kwa kanga ili asiteleze. Asipandishwe bodaboda katikati ya watu wawili. Twajua ndiyo iliyo karibu, lakini kwa aliyevunjika mgongo safari hiyo yaweza kumpotezea miguu. Apelekwe kwa gari yenye pa kulaza.

Asipewe chakula wala maji, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa, na aliyepoteza fahamu huweza kupaliwa. Asikandwe na asiungwe kwanza kwa mafundi wa viungo. Tunawaheshimu mafundi hao, lakini mfupa wa uti na damu ya tumboni havionekani kwa mkono. Vyataka picha na daktari. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, Mkoani, Chake Chake, Wete au Micheweni, na daktari ndiye aamue kama apelekwe mbele.

Na aliyeanguka akasimama mwenyewe akacheka, asirudi mtini siku ile. Akitapika, akisinzia ovyo, akiumwa na kichwa au tumbo, au mkojo wake ukiwa na damu, apelekwe hospitali hata kama ni usiku.

Kila shamba basi liwe na vitu vinne kabla ya pishi ya kwanza kupimwa: ubao, vitambaa safi, simu yenye chaji, na mtu mwenye gari aliyekwisha kuzungumzwa naye. Mashamba mengine yamo mabondeni ambako simu haishiki. Wenyewe wajue mapema ni kilima gani cha kukimbilia. Na asichume mtu peke yake shambani, hata akiwa mwenye shamba.

TUNAYOWAOMBA

Ndugu Wanachama, hatukuyaandika haya kumtia mtu khofu akaacha karafuu. Karafuu ndiyo iliyotujengea nyumba na kuwasomesha watoto, nasi twaipenda. Twawaomba mambo matatu tu kabla ya msimu: uzungukeni mti kabla haujapandwa, itazameni kamba kabla haijafungwa, na semeni na mchumaji kabla hajapanda. Yote matatu hufanywa chini, na hayahitaji kiinua mgongo wala barua kutoka serikalini. Kwa khabari za haki na fidia za mchumaji aliyeumia, mwanachama aulize mapema katika kituo cha kununulia karafuu au kwa wakuu wa kazi wa wilaya, wala asingoje mpaka ajali itokee.

Wahenga walisema, "Aliye juu mngoje chini." Wengi hulisema kwa kejeli, wakimtakia mtu aanguke. Sisi twalisema kwa maana nyingine. Aliye juu ni mtu wetu, na sisi tulio chini tumngoje, tumshikie ngazi, tumpokelee pakacha, na jioni ateremke kwa miguu yake aende kwake.

Mola atujaalie msimu wa kheri na salama.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama